Bei ya Ng'ambo

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, analala Jersey City na kufanya kazi Manhattan. Kati ya kitanda chake na kazi yake kuna mto Hudson, na mto huo ndio mpaka wa majimbo mawili. Ameshanitumia voisi zaidi ya kumi akinieleza hesabu yake. Kodi ya nyumba New Jersey ni nafuu kuliko Manhattan. Jiji la New York lina ushuru wake wa mapato juu ya ule wa jimbo, lakini huo haumgusi kwa kuwa halali mjini. Tangu 1999 wafanyakazi wanaotoka nje ya jiji hawatozwi. Ushuru wa jimbo la New York anakatwa vilevile, maana pesa anazitafuta huko. Na siku akiota kununua nyumba upande wake, atakutana na ushuru wa majumba wa New Jersey, ambao ni miongoni mwa mikali kabisa Marekani nzima.

"Sasa wapi rahisi?" nikamuuliza.

"Pale ambapo treni haijachelewa, mdogo wangu," akanijibu, na nyuma yake nikasikia mlango wa treni ukijifunga.

Nilikuwa nimekaa Shelly Beach, juu ya jiwe, maji yamekupwa, watoto wanachokoa kaa. Yeye yuko ng'ambo. Lakini hata mimi niko ng'ambo. Ukiwa kisiwani Mombasa ukasema fulani anakaa ng'ambo, huenda humaanishi Ulaya wala Marekani, wamaanisha Likoni, mwendo wa dakika kumi kwa feri ikiwa feri imekubali. Neno ni moja tu.

Voisi zile zilinikuta na hesabu yangu mwenyewe. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nguvu za nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika: manukuu ya video, maelezo ya bidhaa, hotuba ya bwana harusi, chochote chenye malipo. Mwaka huu nikapata meza siku tano kwa wiki kwenye ofisi ndogo ya matangazo kisiwani. Halafu rafiki yangu akapata bedsita Majengo akataka mtu wa kuchangia. Kodi 9,000, nusu kwa nusu. Mamangu hakusema kitu. Akaendelea kukuna nazi. Kwa mwanamke yule, kunyamaza ni hotuba.

Basi nikaamua kupima. Mwezi mmoja niliishi nyumbani Shelly na kuandika kila shilingi na kila dakika. Mwezi uliofuata nikalala Majengo na kufanya hivyo hivyo.

Shilingi kwanza. Nyumbani nachangia 3,500, na jirani yetu amepangisha chumba kama changu kwa 4,000. Majengo ni 4,500 kwa nusu ya chumba ambacho ukinyoosha mguu unagusa sufuria. Feri kwa mtu wa miguu ni bure, lakini tuktuk ya kufika feri si bure, na matatu ya kutoka feri kuingia mjini si bure pia. Maji Likoni ni balaa. Kisiwa kinapata maji ya Mzima kutoka kule Tsavo, sisi tunategemea visima vya Tiwi, na mifereji ikikauka mtungi wa lita ishirini unapanda bei kabla ya saa nne asubuhi. Lakini samaki wetu ni wa leo, nazi hainunuliwi, na mchicha upo uani. Nilipojumlisha, Shelly ilikuwa rahisi kwa shilingi 1,900 hivi kwa mwezi. Si haba.

Dakika sasa. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye meza ya kazi, siku nzuri ni dakika hamsini. Siku mbaya nisiseme. Kwa wastani kwenda na kurudi vilinila saa mbili. Siku ishirini na mbili za kazi, saa 44. Hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya ajira, nimesimama kwenye lile banda la kusubiria, kwapa la mtu puani, nasikiliza mhubiri na muuza njugu wakishindana. Kutoka Majengo natembea robo saa. Kwa malipo yangu ya saa moja, ambayo sitayataja kwa heshima ya familia, zile 1,900 nilizookoa Shelly nilikuwa nimezilipa mara tatu kwa saa zangu.

Nilidhani hapo nimemaliza. Urahisi wa Likoni ni uongo, funga daftari, beba godoro. Lakini kuna swali lilinikaa. Kwa nini Likoni iwe rahisi? Ni ardhi ileile ya matumbawe na upepo ni ule ule, na ufuo wetu, wallahi, ni mzuri kuliko wao. Mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita ya maji. Ni nani aliyeamua kwamba chumba upande huu ni nusu ya bei?

Jibu la kwanza ni madaraja, na ni jepesi. Changamwe iliungwa na kisiwa tangu enzi za reli iliyoanza kujengwa 1896. Nyali ilipata daraja lake la kuelea 1931, mwaka uleule New York na New Jersey walipofungua daraja la George Washington juu ya Hudson. Treni ya kaka yangu inapita chini ya mto huo tangu 1908. Sisi huduma ya feri ilianza 1937, na mpaka leo mwenda kwa miguu wa Likoni anavuka kwa feri. Nyali walishajengewa daraja la pili, la zege, 1980. Mwishoni mwa 2020, korona ikiwa imepamba moto, tuliwekewa daraja la kuelea la watu wa miguu. Magari sasa yana njia ya Dongo Kundu kuzungukia nyuma. Daraja kubwa la kuvuka mkondo juu kwa juu bado tunaahidiwa. Palipo na daraja bei ya ardhi hupanda, waulize Nyali.

Jibu la pili lilinichukua muda, na lilinipeleka kwa babu yangu.

Babu alikuwa kibarua wa bandari ya Kilindini. Alizaliwa upande wa Ng'ombeni, kwenye shamba la minazi na mihogo, na akiwa kijana alikuwa na chumba Likoni cha kulala siku za kazi. Mimi nilimkuta mzee wa kuuza madafu karibu na feri, kisu kikali kuliko ulimi wake, na huo nao haukuwa butu. Alikuwa akisema, "Mimi nilifukuzwa kazi na mvua." Sisi watoto tulicheka tukidhani ni fumbo la uzee. Alikufa nikiwa na miaka kumi na moja. Nilipokuja kusoma historia ya bandari, tena baada ya kutoka chuo wala si nilipokuwa ndani, ndo nikajua alikuwa anasema kitu kama kilivyo.

Ukibarua wa Kilindini ulikuwa hivi. Meli ikija watu wanachukuliwa, wanalipwa kwa siku, meli ikiondoka hakuna kazi. Kwa makampuni ya meli hiyo ilikuwa raha, hulipi mtu wa kukaa bure. Lakini vibarua wa pwani nao walijua kuutumia mfumo ule. Mtu alifanya siku kadhaa kwa mwezi, akapata pesa ya nguo na kodi, kisha akavuka kurudi shambani kupalilia. Maofisa wa kikoloni waliudhika sana na hilo. Waliandika ripoti kuhusu uvivu wa Mwafrika. Mtu ana kazi mbili, shamba na bandari, anaitwa mvivu!

Upande wa pili wa hesabu hiyo ulikuwa mshahara. Kwa miaka mingi mshahara wa Mwafrika mjini ulipigiwa hesabu ya mseja: chakula cha mtu mmoja, kitanda kimoja, nguo za mtu mmoja. Mke na watoto ilidhaniwa wanakula shamba. Hili si la kubuni. Tume ya Carpenter ya 1954 ndiyo iliyoisema serikali wazi kwamba mshahara wa aina hiyo haufai na kupendekeza mshahara wa mtu mwenye familia. Nikauelewa mkondo wetu upya. Kisiwani ndiko kazi ilikofanyika na kulipwa. Ng'ambo ndiko mihogo iliyolisha watoto wa mfanyakazi ilikolimwa, na ndiko alikorudi akiugua na akizeeka. Meli zilipakuliwa rahisi kwa sababu bibi yangu alikuwa analima bila kulipwa na kampuni yoyote.

Wale waliokuwa kisiwani bila shamba la karibu ndio walioungua mapema. Nyumba za Majengo, zile za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilikuwa zikipangishwa chumba kwa chumba, na chumba kimoja kikapata watu wengi kadiri mji ulivyojaa. Mgomo wa 1939 ulianza na madai ya posho ya nyumba miongoni mwa wafanyakazi wa idara ya kazi za umma, ukasambaa hadi bandarini, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Vita vikapandisha bei. Mwaka 1945 kamati ya Phillips ikachunguza tena. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Watu wapatao 15,000 waliweka chini kazi, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani, kwa siku kumi na mbili. Hapo ndipo African Workers' Federation ilipopata nguvu, Chege Kibachia akiwa rais wake. Jopo la Jaji Thacker liliongeza mishahara. Kibachia naye alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa Baringo, akazuiliwa huko takriban miaka kumi. Machi 1955 wa bandari wakagoma tena, Tom Mboya akaja kusaidia mapatano.

Nilisoma haya yote nikitarajia kumkuta babu kati ya washindi. Nilimkuta, lakini si hapo. Migomo iliwatisha wakubwa wakaamua kwamba wanataka wafanyakazi wachache wa kudumu, wanaolipwa vizuri kidogo na kuishi mjini, badala ya umati wa vibarua wenye mguu mmoja shambani. Vibarua wakasajiliwa. Katika miaka ya 1950 masharti yakakazwa: asiyefika zamu za kutosha kwa mwezi anafutwa kwenye daftari.

Masika ilipoingia, babu alikwenda kupanda kama alivyofanya kila mwaka. Aliporudi jina lake halikuwepo.

Nafikiri sana juu ya mvua ile. Aliyebaki kwenye daftari alipata nyongeza, na nyongeza ilikuwa halali yake, alikuwa ameigomea. Lakini tangu hapo uhusiano wa pande mbili ulibadilika. Kabla yake Likoni ilikuwa mahali ambapo mtu alikuwa na uwezo wa kusema leo siendi kazini. Baadaye ikawa mahali pa kulala tu. Babu alibaki na kile chumba, akajenga vingine vitatu vya udongo na makuti kando yake, akapangisha. Nyumba yetu imeanzia hapo.

Nikisema yetu naidanganya nafsi kidogo. Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Msomaji wa Nairobi huenda hajui jambo hili, na wa pwani hahitaji kuelezwa: mtu anajenga juu ya kiwanja cha mwingine, anakilipia kila mwezi, na ukuta ni wake ila kilicho chini ya ukuta si chake. Nyumba bila ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, aliyefika kudai kwa karatasi aliandikwa, na ambaye hakufika, ardhi aliyolimia babu yake ikawa ya serikali au ya mwingine. Zanzibar waliijua ladha hiyo pia. Ng'ambo ya Unguja, ng'ambo ya Mji Mkongwe (neno letu tena!), wenye nyumba waligoma mwaka 1928 kulipa kodi ya viwanja. Huku Likoni shamba la Waitiki lilikaa na mzozo wa maskwota hadi serikali ikalinunua, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Sisi hatumo katika hilo. Kiwanja chetu kina mwenyewe, mjumbe wake huja tarehe tano, na Mama huweka risiti kwenye kopo la maziwa ya unga.

Ndiyo maana chumba Shelly ni 4,000. Mwenye nyumba asiye na ardhi hajengi ghorofa, wala benki haimkopeshi. Anaongeza chumba cha mabati uani, na anapangisha kwa bei ambayo mtu mwenye wasiwasi wa kesho hupangisha. Na wasiwasi huo umewahi kuzaa. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na wiki zilizofuata watu kutoka bara waliokuwa wapangaji na wachuuzi wa mitaa yetu walichinjwa na kuchomewa vibanda. Zaidi ya watu 100 walikufa katika ghasia zile na makumi ya maelfu wakahama. Ardhi ilikuwa ndani ya manung'uniko, na siasa za uchaguzi ziliyachochea. Watalii walikimbia ufuo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama anakumbuka tu kwamba kwa mwaka mzima vyumba viwili vilikuwa vitupu na mjumbe wa kiwanja alikuja tarehe tano kama kawaida.

Na mkondo wenyewe una gharama ambayo siwezi kuiweka kwenye safu ya shilingi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, wengi wakiwa safarini kwenda kazini. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu walirundikana kwenye feri ya Likoni wakiwahi kurudi nyumbani kabla ya saa moja jioni, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Dunia iliziona picha zile. Waliokuwa wanakaa kisiwani saa hiyo walikuwa wameshafunga milango.

Nilimtumia kaka voisi ya dakika tisa kuhusu haya yote. Akajibu kwa swali moja: "Sasa wapi rahisi?"

Sikuwa na jibu la jumla. Nina la kwangu. Kwa mtu wa miaka ishirini na tano mwenye kazi ya kulipwa kwa saa, kisiwa ni rahisi, hata kama chumba ni ghali na usiku wa Majengo ni joto la tanuri, muziki wa jirani, na pikipiki. Kwa Mama, mwenye kuku, mnazi na risiti ndani ya kopo, hakuna nyumba ya bei hiyo popote. Nikiondoka, zile 3,500 zangu zinaondoka nami, na tarehe tano iko palepale. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Si maji, si feri.

Nilimwambia Jumamosi jioni. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyaandika kabisa, ndiyo kazi yangu.

"Mama, nimefikiria ile habari ya Majengo."

"Nenda, mwanangu. Chumba chako nishakipatia mtu."

"Lini?"

"Anaingia Jumatatu. Kijana wa kutoka Kilifi. 4,000, na miezi miwili kalipa mbele." Akasogeza chungu cha kunde. "Kibarua wa bandarini."

Jumapili mwenye mkokoteni alitaka mia tano kunivushia vitu, akasema mkokoteni unalipiwa feri, mimi ndo silipiwi. Nikafunga godoro kwa kamba, nikaliweka kichwani, nikaingia na umati.